Daraja Nisiloliandika

Mwanangu Kemilembe,

Salamu tulipeana jana ulipopanda gari kwenda Kashozi kumuaga shangazi yako, na jioni ukirudi tutapeana nyingine, kwa hiyo humu sikuweka salamu. Ni mchana, mvua imekatika sasa hivi. Mama yako yuko jikoni anakufungia ndizi, unga, na kopo la senene wa kukaanga. Nimemwambia huko Ngenge unakokwenda kazini nako watu wanakula. Amenijibu, "Wanakula vya nani?" Basi nimemwachia. Habari za kufua, kupika na wanaume atakueleza yeye, tena atakueleza mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Barua yako ya ajira niliisoma mara tatu. Mbele ya majirani nilicheka, nikaagiza pombe ya rubisi, nikasema binti yangu ni mtu wa halmashauri sasa. Moyoni sikufurahi. Wameandika kwamba kazi yako ni kuitisha mikutano ya vijiji na kupokea mapendekezo ya wananchi kwa ajili ya bajeti ya kila mwaka. Maneno mazuri mno hayo, na mimi neno zuri nikilikuta kwenye karatasi ya serikali nalizunguka kwanza kabla ya kulisogelea. Wanasema halmashauri zimerudishwa ili mwananchi asikilizwe. Nilikuwapo zilipoondolewa, na siku ile nayo walituambia zinaondolewa ili mwananchi asikilizwe.

Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiniuliza kwa nini Ma Leokadia haingii kwetu. Ndiye aliyekushika siku ya ubatizo. Mkikutana njiani anakuita mwanangu, anakupa parachichi, anauliza masomo. Lakini akikusindikiza anaishia kwenye mpaka wa kibanja chetu, anaegemea fimbo yake, anageuka. Nilikuwa nakwambia mguu unamsumbua. Mguu unamsumbua kweli, ila sio unaomzuia. Anayemzuia ni mimi.

Siku yenyewe unaikumbuka, najua, ila wewe unaikumbuka kwa senene. Ulikuwa darasa la pili. Vijiji vilikuwa vimeshapangwa, na mimi nilikuwa katibu wa kijiji chetu. Usidhani nilichaguliwa kwa hekima. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko niliofundishwa Kashozi, ule wa herufi zinazolala upande mmoja. Bwana Mipango wa wilaya aliposoma karatasi yangu ya kwanza alisema mbele ya wazee kwamba wilaya nzima hakuna mwandiko kama ule. Nilivimba kichwa wiki nzima, muulize mama yako. Mwanangu, mtu akikusifia mwandiko, tazama anataka uandike nini.

Alikuja Jumatano kwa pikipiki, akala kwetu ndizi na samaki, akatoa karatasi iliyopigwa taipu. Mwaka ule kila kijiji cha tarafa yetu kilitakiwa kuomba ghala. Nikamuuliza, kama tumeshapangiwa, mkutano wa kesho wa nini? Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Katibu," akasema, "mpango lazima utoke chini kwa wananchi. Tena Ijumaa uwe umeshafika juu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa na mkubwa wake, na wote walikuwa wanasubiri Ijumaa. Siku hizo muhtasari wa mkutano tulikuwa tunauandika kabla ya mkutano. Usishangae, ndivyo tulivyofanya kazi, na katibu asiyefanya hivyo alionekana mvivu. Basi jioni ile, wewe na mama yako mkiwa mnamenya ndizi, nikauandika wote kwa mwandiko wangu mzuri: mkutano ulifunguliwa, Bwana Mipango alieleza, na wananchi wote kwa kauli moja waliomba ghala la kijiji. Nikajaza ukurasa mpaka chini. Nilibakiza pengo moja tu, la idadi ya waliohudhuria.

Alhamisi alfajiri senene wakashuka. Unakumbuka ulivyotoka na gauni la kulalia, kopo mkononi, mama yako akikukimbilia na sweta. Mwenyekiti alipiga filimbi ya mkutano saa tatu, na kwa kuwa watu wetu ni wastaarabu, walikuja. Walikuja na mifuko, na makopo, na neti, wakakaa kwenye uwanja wa shule, macho yakiwa kwenye nyasi. Bwana Mipango akaanza kueleza habari ya ghala. Alikuwa hajafika mbali, kundi jingine likashuka ng'ambo kwenye mbuga. Walioondoka kwanza walikuwa wanaume, tena watu wazima wenye wajukuu, mmojawapo mjumbe wa kamati ya mipango. Vijana wakawafuata. Wanawake nao wengi wakaenda. Ukitazama vizuri ule uwanja, tulibaki mwenyekiti, mgeni, mimi na meza yangu, na wanawake kama kumi wameketi chini.

Mwenyekiti alitaka kufunga. Ndipo Ma Leokadia akasimama. Alikuwa mjane tayari, mwembamba, sauti ya kanisani. Bwana Mipango akamtania, "Mama, na wewe kimbia, senene watakwisha!"

"Senene nimeokota tangu msichana," akasema, "na mila haijaniruhusu kula hata mmoja. Leo waokote wanaokula."

Hata mwenyekiti alicheka. Yeye hakucheka. Akaanza kusema habari ya mto wetu, na lile gogo la mkaratusi tunalovukia kwenda zahanati, na kwamba wanawake wanataka daraja. Maneno yake nitayaandika mwishoni, yote, kwa hiyo hapa nayapita. Alisema kwa utaratibu, akisimama kila baada ya maneno machache, akitazama mkono wangu. Alikuwa ananisubiri.

"Unaandika, Ta Kemilembe?" akaniuliza, akiniita kwa jina lako kama kawaida.

"Naandika, Ma."

Na kalamu ilikuwa inakwenda kweli. Karatasi ilikuwa imejaa tangu jana yake, hapakuwa na nafasi hata ya kuweka jina la mtu. Nilichokuwa nafanya ni kupita juu ya herufi za kichwa cha habari, nikizinenepesha. Neno MUHTASARI niliandika juu yake mara tatu, labda nne, mama wa watu akidhani ni daraja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akapiga goti kunishukuru. Kwetu mwanamke kumpigia goti mwanamume si ajabu, umekua ukiliona kila siku. Lakini goti lile lilipigiwa uongo, na kila nikilikumbuka naona haya mpaka masikioni. Bwana Mipango alijaza idadi ya waliohudhuria. Aliwahesabu na waliokuwa mbugani.

Yangeishia hapo huenda ningesahau, maana binadamu husahau ubaya wake haraka. Ila Ma Leokadia aliniamini. Jumamosi iliyofuata alikwenda mtoni na wanawake wenzake, wakaanza kukusanya mawe. Alisema serikali ikileta saruji isije ikawakuta mikono mitupu, ikapeleka kwingine. Walibeba mawe kichwani kutoka mlimani msimu mzima wa mvua. Kila Jumapili tukienda misa nilipita pale, rundo limepanda, nikamsalimu, akanionyesha kwa kidole mawe ya msingi na mawe ya juu. Mara moja nilimwambia, "Ma, msijichoshe, mambo ya serikali yanachukua muda." Huo ndio ukweli wote niliopata nguvu ya kuusema.

Hayo ndiyo mawe mliyokuwa mnakalia mkitoka shule. Mlikuwa mnayaita kanisa, sijui kwa nini.

Mwaka wa serikali ulipoanza, lori lilikuja na mabati ya ghala. Ma Leokadia alingoja lori la pili. Lilipokuja, lilikuwa na mbao za ghala. Siku ya tatu alifunga kanga safi, akaenda kwa miguu mpaka wilayani, akauliza daraja lao limekwama wapi. Karani kijana alimtolea faili, akamsomea. Akamwomba asome tena. Akauliza jina lake lipo, akaambiwa halipo. Akauliza neno daraja lipo, akaambiwa hakuna neno kama hilo. Akauliza nani aliandika, na yule kijana akageuza ukurasa akamwonyesha sahihi yangu. Nasikia alimwambia, "Mwandiko mzuri, mama, siku hizi huupati."

Alikuja moja kwa moja kwetu, na vumbi miguuni. Mama yako akaleta kikapu cha akamwani. Unajua kwetu kahawa ya kutafuna haikataliwi na mtu. Hata mliogombana mnachukua punje moja, mnatafuna, ndipo mnaanza maneno. Ma Leokadia alikipokea kikapu, akakitazama ndani, akakiweka chini bila kuchukua hata punje. Mama yako alitoka nje.

"Ta Kemilembe, mimi kusoma sijui. Lakini kalamu niliiona inakwenda. Ilikuwa inaandika nini?"

Nikaanza kusema. Nilisema mengi: Bwana Mipango, Ijumaa, tarafa nzima, mwaka ujao tutaomba. Nikasema nisamehe, tena nikasema kwa Kihaya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mdomo wako sina shida nao," akasema. "Mimi sikukuomba useme. Nilikuomba uandike."

Akaondoka, na hajaingia tena.

Miaka miwili baadaye, mvua za masika, binti yake alijifungua ng'ambo na yeye akamchukulia chakula. Gogo lilikuwa na utelezi, akaanguka, mguu ukavunjika. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba kwenye machela, na njia nzima hakulia, ila mimi nilikuwa nimeshika upande wa kichwani na hakunitazama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ma Leokadia alivunjika kwa sababu alilisikia la mkuu, akaliamini, akakaa akingoja daraja badala ya kwenda kupiga kelele kwingine. Na huyo mkuu nilikuwa mimi.

Ukatibu niliuacha. Nilisema macho yananisumbua. Macho yangu ni mazima mpaka leo, nasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya dawa. Mara ngapi nimesimama kwenye mkutano wa kijiji nikitaka kusema, nikakaa! Niliogopa kuchekwa, niliogopa kuitwa wilayani, na baadaye niliogopa tu kwa mazoea. Ndiyo maana nikikuona unaondoka na begi la kazi ile ile nashindwa kula.

Ghala lilikwisha kujengwa, na kama alivyosema Ma Leokadia siku ya senene, halikuwa na cha kuwekwa. Mbuzi walilala humo. Halafu kikaja kisomo cha watu wazima, darasa likawekwa humo, na mwanafunzi wa kwanza kuketi alikuwa Ma Leokadia na fimbo yake. Padri alifurahi, alidhani anataka kusoma Injili. Mimi nilijua anataka kusoma nini. Alijifunza herufi ndani ya jengo lililomnyima daraja, na sijawahi kujua nilichukulieje jambo hilo, nicheke au nilie.

Sasa wewe kesho unakwenda kukaa kwenye kiti changu. Watakupokea vizuri Ngenge. Watakukubalia haraka pia, na hapo ndipo ushtuke. Watu wetu tangu enzi za machifu wamejua kumwambia mkubwa anachotaka kusikia, kisha wakirudi nyumbani wanafanya lao. Mkutano ukienda laini, kuna mtu ameupaka mafuta. Wakinyamaza usiandike wamekubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo hautakukuta wewe, utamkuta bibi mmoja kwenye gogo. Wananchi nao usiwafanye malaika. Nimemwona mtu hapa hapa akiomba barabara ya kijiji kwa machozi, kumbe anaitaka ifike kwenye kiwanda chake cha gongo. Na bado ningemwandika.

Lakini wa kumshuku zaidi ni wewe mwenyewe, siku utakayokuwa umechoka, lori linapiga honi, mkubwa wako anangoja, na karatasi uliyokwisha kuiandaa ni safi mno kuichafua kwa maneno ya mwanamke mmoja aliyesimama mwishoni. Siku hiyo ichafue. Sikudanganyi kwamba utashinda. Utaandika daraja, na huko juu watalifuta waandike ghala, au siku hizi sijui wanaandika nini. Basi walifute wao, kwa mkono wao. Walau atakayefuata faili atakuta alama ya kilichofutwa. Mimi sikumwachia Ma Leokadia hata alama.

Kesho gari linapita barabarani saa kumi na mbili na nusu. Wewe amka mapema, uanzie kwa Ma Leokadia, umpe barua hii. Usimsomee. Amesomewa mara moja katika maisha yake, imetosha. Atasoma polepole, kwa kidole, midomo inacheza, na penye herufi zangu za kulala atakwama. Usimsaidie mpaka akuombe. Gari likipita, liache lipite. Kuna jingine keshokutwa, na huko kazini nitaeleza mwenyewe kwamba nimekuchelewesha mimi. Mama yako atapiga kelele, hilo niachie.

Na haya ndiyo maneno aliyoyasema Leokadia kwenye uwanja wa shule siku ya senene. Nayaandika kama nilivyoyasikia. Sikuhitaji karatasi kuyatunza, hayajaniacha hata siku moja.

"Mimi Leokadia. Hilo ghala tutaweka nini? Kahawa tunapeleka kwenye ushirika, na ndizi hailali ghalani. Sisi tunataka daraja la mto. Lile gogo ni la kiangazi. Mvua ikinyesha, mgonjwa anabaki huku na dawa iko kule. Mawe tutabeba sisi wenyewe. Serikali ilete saruji na fundi. Andika hivyo. Tena andika aliyesema ni mwanamke, na wenzake walikuwapo, wasije wakadhani hakuna aliyebaki."

Sahihi ni yangu, hiyo hapo chini. Baada ya sahihi nimeacha nusu ukurasa mtupu, na kalamu iko ndani ya bahasha. Kama ana neno, aliweke yeye. Asipokuwa nalo, niletee ukurasa ulivyo, nitausoma hivyo hivyo. Lakini kalamu, Kemilembe, mpe yeye. Usimwandikie.

Ni mimi Tata yako,
aliyekuwa katibu.